Stratosfia, mesosfia au themosfia: mwanafunzi wa Mombasa achague tabaka lipi kwa mradi wake?

Msimu wa maonyesho ya sayansi ukikaribia, wanafunzi wa hapa Mombasa wanaopenda mambo ya anga huja na swali lile lile: nichague tabaka gani la angahewa? Troposfia, hili la chini lenye mawingu, mvua na ndege za abiria, wengi huliacha kwa sababu miradi ya mvua na upepo imeshafanywa mno. Yanabaki matatu: stratosfia, mesosfia na themosfia. Kitabuni kila moja lina aya yake na rangi yake kwenye mchoro, basi mtu akiangalia huona yote ni mamoja na huchagua kwa jina tu. Si mamoja. Kwa mtu anayekaa kisiwani, Likoni au Kisauni, mwenye simu, redio ya nyumbani na nauli ya matatu, uchaguzi huu ndio unaoamua kama mradi utapima kitu au utanakili kitabu.

Niseme mapema nilipo: ningechagua mesosfia, na sehemu kubwa ya makala haya itakuwa juu yake. Lakini wapo wanafunzi ambao ningewaambia waiache, nao nitawataja.

Kwanza tuyaweke matabaka haya bega kwa bega.

| | Stratosfia | Mesosfia | Themosfia |
|---|---|---|---|
| Kimo juu ya ukanda wa ikweta | km 17 hadi 50 hivi | km 50 hadi kati ya 85 na 100 | kuanzia hapo hadi km 500 na zaidi |
| Ukipanda, joto hufanyaje? | Huongezeka, kutoka nyuzi -80 hadi karibu na 0 | Hupungua, kutoka karibu na 0 hadi takriban -90 | Hupanda hadi zaidi ya 1,000 |
| Shinikizo la hewa likilinganishwa na la ufuoni | Kutoka sehemu ya 10 hadi sehemu ya 1,000 | Kutoka sehemu ya 1,000 hadi chini ya sehemu ya 100,000 | Karibu na utupu kamili |
| Chombo kinachofika | Puto | Roketi ndogo za utafiti, kwa dakika chache | Satelaiti |
| Unachoona kwa macho kutoka Mombasa | Karibu hakuna | Vimondo | Satelaiti na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu |
| Vipimo vya karibu nawe | Nairobi | Vyako mwenyewe | Malindi |

Mstari wa mwisho ndio ninaoujali kuliko yote.

Stratosfia: ya anayependa grafu

Stratosfia inapendwa kwa ajili ya ozoni, na ozoni ina hadithi ya kutia moyo. Mwaka 1987 nchi za dunia zilikubaliana Montreal kuacha gesi zinazoila ozoni, na sekretarieti ya mkataba huo iko hapa hapa nchini, Nairobi. Ozoni hunyonya miale ya urujuanimno ya jua na kuigeuza joto, ndiyo maana stratosfia huzidi kupata joto kadiri unavyopanda. Hewa yenye joto ikikaa juu ya hewa baridi, hakuna kinachoisukuma kupanda wala kushuka, kwa hivyo vumbi la volkano likifika huko laweza kuelea mwaka mzima na zaidi kabla ya kuisha.

Juu ya ikweta kuna jambo jingine ambalo mtu wa pwani atalifurahia. Sisi tumezoea kusi na kaskazi zikipokezana kila mwaka bila kukosa. Katika stratosfia ya ikweta pia pepo hupokezana, mara kutoka mashariki, mara kutoka magharibi, ila zamu yao haifuati mwaka: duru nzima huchukua takriban miezi 28. Mradi unaolinganisha pepo hizi za juu na misimu yetu ya chini ungekuwa mradi mzuri kweli.

Shida ni kufika. Puto la hali ya hewa hupasuka likiwa kilomita 30 hivi, kwa hivyo hata ukilirusha vizuri unapata nusu tu ya stratosfia. Kurusha kwenyewe kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na uwanja wa ndege wa Moi uko karibu mno na mji kwa mtu yeyote kufanya mchezo. Ukishapata ruhusa unabaki na bahari upande mmoja na mpaka wa Tanzania upande wa pili. Chombo chako kikianguka baharini, vipimo vyote vimekwenda nacho. Wengi wanakumbuka maputo ya Loon yaliyoleta intaneti sehemu za Kenya mwaka 2020 yakielea kilomita 20 hivi juu. Yale yalikuwa na kampuni nzima nyuma yake, na hata hivyo mradi ulifungwa mwaka 2021.

Kwa hivyo anayechagua stratosfia asipange kupima mwenyewe. Achukue vipimo vya Nairobi, ambako Idara ya Hali ya Hewa imekuwa ikirusha maputo ya kupima ozoni tangu 1996, na matokeo yake yako wazi kwa yeyote. Mwenye subira ya kukaa na jedwali refu la namba akalitoa grafu safi atafanya kazi ya maana hapa. Asiye na subira hiyo atachoka kabla ya wiki ya pili.

Themosfia: jirani yake ni Malindi

Hii nitaipitia haraka, maana inavutia lakini inataka vifaa. Joto lake hupita nyuzi 1,000, na jua likichafuka laweza kuzidi 1,500; hata hivyo mtu angeganda huko, kwa kuwa molekuli ni chache mno kumpa joto hilo. Kila molekuli ina kasi kubwa, ila hukutana nazo mara chache sana. Hapa ndipo satelaiti za chini zinapopita, na hewa hii nyembamba huzivuta nyuma polepole. Februari 2022 dhoruba ya jua iliifanya themosfia ivimbe, na satelaiti zipatazo 40 kati ya 49 za Starlink zilizokuwa zimerushwa siku hizo hizo zikaanguka na kuungua.

Pwani yetu ina historia ya heshima katika tabaka hili, na nasikitika kwamba vijana wengi hawaijui. Kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Waitaliano walirusha satelaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Iliyojulikana zaidi ni Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ikawa satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Satelaiti za San Marco zenyewe zilibeba mizani maalumu ya kupima jinsi hewa ya juu ya ikweta inavyozivuta, yaani zilikuwa zikipima themosfia yenyewe.

Leo hapo Malindi kuna kipokezi cha mawimbi ya GPS ambacho vipimo vyake hutolewa bure. Mawimbi hayo yakipita kwenye hewa yenye chaji za umeme huchelewa kidogo, na huku kwetu karibu na ikweta huyumba sana baada ya jua kutua, hasa miezi ya Machi na Septemba. Mwanafunzi anayejua kuandika programu ya kompyuta na anayependa hesabu ndefu, tabaka lake ni hili. Wengine wote watazame Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu (ISS) kikikatiza anga la Nyali jioni, wafurahi, kisha warudi kwenye mesosfia.

Mesosfia: tabaka lisilo na mwenyewe

Angalia tena mstari wa vyombo kwenye jedwali. Puto lililowahi kupanda juu kuliko yote, la Wajapani mwaka 2013, lilifika kilomita 53.7, likaingia mlangoni mwa mesosfia likaishia hapo. Satelaiti nazo haziwezi kushuka chini ya kilomita 150 hivi zikadumu, kwa sababu hewa huziangusha. Katikati pamebaki eneo ambalo ndege haifiki, puto halifiki na satelaiti haikai. Roketi ndogo hulipita kwa dakika chache, hupima na kuanguka. Ndiyo maana hadi leo wanasayansi wanalijua tabaka hili kidogo kuliko majirani zake wa juu na wa chini, na ndiyo maana kipimo kimoja kizuri cha mwanafunzi kina uzito huku kuliko kwingine.

Tabia yake ya kwanza ni baridi. Ukitoka stratosfia unaacha ozoni nyuma. Ikipungua, kinachopasha hewa joto kinapungua nayo. Wakati huo huo kaboni dioksidi, ambayo huku chini inazuia joto lisitoke, kule juu inafanya kazi ya kulitoa: hewa ni nyembamba kiasi kwamba joto linalotolewa na molekuli zake huenda moja kwa moja angani lisirudi. Ongeza kaboni dioksidi na mesosfia inazidi kupoa. Vipimo vya miongo iliyopita vinaonyesha hivyo hasa, tabaka la chini likipata joto na mesosfia ikipoa na kusinyaa. Nadhani hili peke yake latosha kumfanya mwanafunzi anayejali tabianchi alitazame upya tabaka hili.

Tabia ya pili ni ngumu kuamini mpaka ieleweke. Mahali penye baridi kuliko pote katika angahewa ni juu kabisa ya mesosfia, karibu na ncha za dunia, na baridi hiyo huja wakati wa kiangazi, jua likiwa halitui. Hushuka hadi chini ya nyuzi -130. Sababu ni mawimbi ya hewa yanayoanzia huku chini, kwenye milima na dhoruba, yakapanda na kukua kadiri hewa inavyopungua, hadi yakavunjika mesosfiani. Yakivunjika huisukuma hewa kutoka ncha iliyo kwenye kiangazi kuelekea ncha iliyo kwenye baridi. Hewa inayopanda kujaza pengo kwenye ncha ya kiangazi hutanuka, na kutanuka huipoza kuliko jua linavyoweza kuipasha.

Katika baridi hiyo huzaliwa mawingu ya barafu, kilomita 80 hadi 85 juu, yanayong'aa rangi ya samawati baada ya jua kutua. Yaliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Hapa lazima niwe wazi kwa msomaji wa Mombasa: huyaoni kutoka kwetu. Yanataka uwe mbali na ikweta, kati ya nyuzi 50 na 70 za latitudo, kwa sababu mesosfia ya juu ya ikweta haifiki baridi ya kuyagandisha. Mradi unaopanga kuyapiga picha kutoka Shanzu umekufa kabla ya kuanza, na picha zake zitakuwa za mtandaoni.

Tabia ya tatu ndiyo inayotupa kazi. Hewa ya mesosfia ni chache, lakini inatosha kukizuia kitu kinachokuja kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde. Chombo cha Columbia kilivunjika takriban kilomita 60 juu tarehe 1 Februari 2003 kikirudi duniani, na wanaanga wake saba wakafariki. Hiyo ndiyo nguvu ya hewa tunayoiita nyembamba. Mawe madogo kama punje za mchanga huingia kila siku, huwaka kati ya kilomita 110 na 70 hivi, na ule mstari wa mwanga ndio kimondo. Mabaki yake hayapotei: chuma, magnesi na sodiamu hubaki juu kama tabaka la atomi. Ile sodiamu hukaa kilomita 90 hivi juu, na vituo vikubwa vya kutazama nyota huipiga kwa leza ili ing'ae, wapate nyota ya bandia ya kurekebishia darubini zao.

Pima mwenyewe: watu wawili, kimondo kimoja

Hapa ndipo mesosfia inapowaacha wenzake nyuma. Unahitaji mtazamaji mmoja Mombasa na mwingine Kilifi mjini, au Msambweni ukipenda upande wa kusini. Pande zote mbili umbali wa moja kwa moja ni kilomita 50 hivi, si wa barabarani. Watu wa pwani hatukosi ndugu mahali pamoja kati ya hapo. Binamu au shangazi atakayekubali kukesha usiku mmoja anatosha.

Saa za simu zote mbili ziwe zinajiweka sawa kwa mtandao. Kila mmoja aandike saa, dakika na sekunde ya kila kimondo kikubwa, na nyota iliyokuwa karibu nacho kilipozimika. Asubuhi mnalinganisha daftari. Mkikuta kimondo cha sekunde ile ile pande zote mbili, fungueni Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga la mahali popote kwa saa yoyote, muitafute ile nyota na msome ilikuwa digrii ngapi juu ya upeo wa macho.

Chukua mfano rahisi. Kimondo kimezimika wima juu ya kichwa cha mtazamaji wa Mombasa. Wa Kilifi amekiona upande wa kusini, digrii 60 juu ya upeo. Kimo chake ni 50 mara tanjenti ya 60, yaani 50 × 1.73, takriban kilomita 87. Hesabu ya kidato cha pili imeufikia mpaka wa juu wa mesosfia.

Sasa ona jinsi hesabu hiyo hiyo inavyoyatenganisha matabaka matatu. Kimondo hicho kingezimika kwenye stratosfia, kilomita 30 juu, mtu wa Kilifi angekiona chini sana, digrii 31. Kingekuwa kilomita 300 juu, ndani ya themosfia, angekiona digrii 80 na zaidi, karibu wima kwake pia. Digrii 60 haiwezi kuwa kimoja kati ya hivyo. Na ukikosea kwa digrii moja, ukaandika 61, jibu linakuwa kilomita 90 badala ya 87. Andika kosa hilo kwenye ubao wako wa maonyesho, kwa sababu jaji mzuri huangalia kwanza kama unajua kipimo chako kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Kimondo kikiwa hakiko wima juu ya mmoja wenu, hesabu huongezeka kidogo, na mwalimu wa hisabati atafurahi kusaidia.

Majira ni muhimu kama vifaa. Mvua ya vimondo ya Jeminidi, usiku wa 13 kuamkia 14 Disemba, ndiyo bora kwetu: kaskazi imeshaingia au inaingia, vuli inaisha, na chimbuko lake, yaani pale angani vimondo vinapoonekana kutokea, liko kundinyota la Mapacha, ambalo watu wa falaki wa pwani huliita Jauza. Huchomoza kaskazini mashariki kama saa mbili na nusu usiku na hufika juu kabisa saa nane hivi. Vimondo vyake huja kwa kilomita 35 kwa sekunde, mwendo wa wastani kwa vimondo, kwa hivyo huingia ndani zaidi ya mesosfia kabla ya kuisha. Orionidi, karibu na tarehe 21 Oktoba, ni vichache na vya kasi zaidi, kilomita 66 kwa sekunde, navyo huanza kuwaka juu zaidi. Anayeweza kupima mvua zote mbili ana ulinganisho ndani ya ulinganisho: kasi dhidi ya kimo.

Persidi za Agosti zinasifiwa sana mtandaoni, lakini sifa hizo zimeandikwa na watu wa kaskazini ya dunia. Kwetu chimbuko lake halipandi hata digrii 30, tena karibu na alfajiri. Eta Akwaridi za mwanzoni mwa Mei zingetufaa sana, ila huangukia katikati ya masika, na mawingu ya masika mnayajua.

Taa za bandari ya Kilindini na hoteli za Nyali hufuta vimondo hafifu. Havitupotezei kitu, maana kazi hii inahitaji vile vikubwa tu. Tafuta uwanja wa shule au dari ya nyumba isiyo na taa usoni, na mwanafunzi asikeshe nje bila mtu mzima.

Redio ya MW, kuanzia alasiri hadi Isha

Kuna njia ya pili ya kuifikia mesosfia, nayo haihitaji anga safi. Kati ya kilomita 60 na 90 jua hung'oa elektroni kutoka kwa molekuli za gesi. Mchana elektroni hizo hutikiswa na mawimbi ya redio ya masafa ya kati (MW), zikagongana na molekuli za hewa, na nguvu ya wimbi ikapotea hapo hapo. Ndiyo sababu mchana redio ya MW hushika vituo vya karibu tu. Usiku elektroni hurudi kwenye molekuli, kizuizi kinaondoka, wimbi linapita hadi juu zaidi na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Wazee waliosikiliza redio za betri usiku kando ya bahari, wakapata vituo vya nchi za mbali, walikuwa wakisikia mesosfia ikizima umeme wake.

Tafuta redio yenye MW, uweke mahali pamoja, antena yake ielekee upande mmoja. Anza saa kumi alasiri, uzungushe masafa yote kila robo saa, uandike kila kituo na nguvu yake kwa kipimo cha 1 hadi 5. Endelea hadi adhana ya Isha na zaidi kidogo. Jambo la kuangalia ni hili: adhana ya Magharibi inaposikika, jua limetua kwetu tulio chini, lakini kilomita 80 juu ya vichwa vyetu bado linawaka. Kwa kuwa karibu na ikweta jua hushuka takriban wima, digrii 15 kila saa, tabaka lile hupoteza jua dakika kama 35 hadi 40 baada yetu. Je, vituo vya mbali vinaongezeka ghafla Magharibi, au vinaendelea kupata nguvu hadi karibu na Isha? Jioni kadhaa za daftari zitakujibu, na grafu yake ni rahisi kueleweka hata na mgeni anayepita tu mbele ya meza yako.

Mwenye kutaka namba za joto la mesosfia yenyewe azitafute kwenye kipimaji SABER, kilichopelekwa juu na satelaiti ya TIMED ya NASA mwaka 2001, ambacho husoma joto hilo kutoka mbali kwa mwanga usioonekana unaotolewa na gesi. Vipimo vyake ni vya bure. Viweke kando ya vipimo vyenu vya kimo, visiwe badala yake.

Swali ambalo majaji hawaliachi

"Umesema mesosfia ni baridi kuliko matabaka yote. Sasa mbona vimondo vinawaka humo?" Jibu lake ulijue kabla hujafika ukumbini. Joto la kimondo halitoki kwenye hewa inayokizunguka. Kinaingia kwa kasi kiasi kwamba hewa iliyo mbele yake hushindwa kupisha, hubanwa ghafla, na kubanwa huko hupandisha joto hadi maelfu ya nyuzi. Hewa ingekuwa nyuzi -90 au 30 kama ya Mombasa mchana, kimondo kingewaka vile vile. Kinachoamua ni kasi na wingi wa molekuli, na wingi unaotosha huanza kupatikana kimo kile kile cha mesosfia. Mwanafunzi anayelieleza hili kwa maneno yake mwenyewe, bila kutazama karatasi, amekwisha kuonyesha kwamba mradi ni wake.

Basi, nani achague nini?

Kama kufunga kazi ni Septemba na Jeminidi ni mbali, na hupendi redio, chukua stratosfia na namba za Nairobi; utakuwa na mradi kamili bila kungoja anga. Kama una kompyuta nzuri na unaandika programu, Malindi inakungoja na wachache wanaigusa. Kama uko peke yako, huna mwenzako wa Kilifi wala Msambweni, acha vimondo ufanye redio. Na kama macho yako hayaoni vizuri usiku, redio ndiyo njia yako pia, tena haitakupunguzia chochote mbele ya majaji.

Waliobaki, ambao naamini ni wengi, wachague mesosfia kwa njia zote mbili, vimondo na redio, na kwa shule ambazo maonyesho yake huangukia muhula wa kwanza likizo ya Disemba ni wakati wake. Mwaka 2026 Jeminidi zitakuta mwezi mchanga wa siku tano, utakaokuwa umetua kabla ya saa sita usiku, kwa hivyo kuanzia hapo hadi alfajiri anga litakuwa na giza. Mkubaliane mapema na mtu wa Kilifi mtakaa upande gani wa anga mkitazama, maana mmoja akitazama kaskazini na mwingine kusini mtajaza daftari mbili zisizo na kimondo hata kimoja cha pamoja. Eneo la juu ya bahari kati ya miji hiyo miwili ndilo la kulenga: wa Mombasa ageukie kaskazini mashariki, wa Kilifi kusini, wote wakiinua macho digrii 60 hadi 70. Wingu likija, msivunje kikao. Kaskazi huyapeleka haraka.